Muhogo Mmoja, Muhula Mzima: Mbinu za Kufundisha Bayokemia kwa Vitendo

Mwamshe mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza usiku wa manane, atakutajia hatua zote nane za mzunguko wa Krebs bila kukwama. Mpe mikropipeti, mwambie apime maikrolita 100 za maji mara tatu na kuzipima kwenye mizani, uone kama uzito utafanana. Hapo wengi hukwama, na lawama si yao. Wamefika chuoni wakiwa wamezoea vitendo ambavyo jibu lake linajulikana kabla bureti haijajazwa, na ripoti ya mwenye mwandiko mzuri huzunguka bweni zima kabla ya siku ya kukusanya.

Ushauri wangu kwa mhadhiri kijana, mkufunzi msaidizi au fundi sanifu aliyekabidhiwa maabara ya bayokemia ni huu: acha kupanga mazoezi kumi yasiyojuana. Chagua swali moja la jirani, ambalo hata wewe mwalimu hujui jibu lake, ulifanyie kazi na wanafunzi muhula mzima. Ripoti ya kunakili haina pa kunakiliwa ikiwa kila kundi lina sampuli yake. Mwanafunzi naye atajifunza mapema kwamba utafiti na ufundishaji ni kazi moja, na kwamba vyote viwili huanzia kwenye kuipima chupa moja kwa uaminifu.

Kwa anayefundisha Mikocheni, swali lenyewe liko mlangoni. Chuo Kikuu cha Kairuki kilianza hapa mwaka 1997, jirani na hospitali ambayo Dk. Hubert Kairuki aliianzisha mwaka 1987, na wanafunzi wake wa udaktari husoma bayokemia kabla hawajaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Mikocheni hiyohiyo ndiko iliko TARI Mikocheni, kituo cha utafiti wa kilimo kilichotokana na mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, na ambacho leo kinajulikana zaidi kwa kazi yake juu ya virusi vya muhogo. Ukishuka kuelekea Coco Beach jioni, unakuta muhogo wa kukaanga na pilipili. Ukienda sokoni Mwananyamala au Kawe, unakuta muhogo mbichi, kisamvu, makopa na unga. Daktari wa baadaye, mkulima, mwanasayansi wa mimea na muuza chipsi za muhogo wote wanashughulika na mzizi mmoja. Swali ni hili: unga wa muhogo unaouzwa mitaani kwetu una sianidi kiasi gani?

Anza na mhadhara mmoja tu, tena mfupi, juu ya kinachotokea ndani ya mzizi. Muhogo hutengeneza kemikali iitwayo linamarini, ambayo ni glukosi iliyobeba kundi la sianidi. Linamarini hukaa ndani ya kiriba cha seli, na kimeng'enya kinachoivunja, linamarezi, hukaa kwenye ukuta wa seli. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukiukuna, ukiutwanga au panya akiutafuna, vinakutana: glukosi inaachiliwa, inabaki asetoni sianohidrini, nayo inavunjika na kutoa asetoni na sianidi haidrojeni. Sianidi haidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Waulize wanafunzi joto la Dar es Salaam mchana ni nyuzi ngapi, waache wamalizie wenyewe: hapa kwetu, gesi ile ikishaachiliwa hupaa hewani bila hata kuwasha jiko.

Kisha waulize kwa nini bibi zao hutwanga kisamvu kabla ya kukibandika jikoni. Swali hili linafungua darasa kuliko slaidi yoyote. Watu watasema ni ili kilainike, wengine watasema ladha. Waache wabishane, halafu warudishe kwenye kimeng'enya. Kisamvu kikichemshwa kizima, moto unaua linamarezi kabla haijafanya kazi, wakati linamarini yenyewe inavumilia joto na kubaki chunguni. Kikitwangwa kwanza, kimeng'enya kinaikuta linamarini, sianidi inatoka, moto unamalizia kuifukuza. Bibi alikuwa na utaratibu sahihi wa maabara miaka mingi kabla ya mtaala. Mwambie kila mwanafunzi aandike mmenyuko huo kwa maneno yake, kwa Kiswahili, kabla hajauandika kwa Kiingereza cha mtihani. Anayeweza kueleza kwa lugha ya nyumbani kwa nini kinu kinatangulia sufuria amekwisha kuelewa kimeng'enya, kitendwa chake na athari ya joto. Istilahi zikimsumbua, maktaba zina kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Bado inafaa kuwekwa juu ya meza ya maabara.

Kwa wanafunzi wa udaktari usiishie kwenye mmea. Sianidi ikiingia mwilini hung'ang'ania sitokromu oksidezi, kituo cha mwisho cha mnyororo wa elektroni kwenye mitokondria, na seli inakosa pumzi huku oksijeni ikiwa tele kwenye damu. Mwili hujitetea kwa kimeng'enya cha rodanezi, kinachoigeuza sianidi kuwa thiosianati itokayo na mkojo. Kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hutoka kwenye asidi amino za methionini na sisteini, yaani kwenye samaki, nyama, mayai na maharage. Anayekula unga uliosindikwa vibaya siku baada ya siku, bila mboga ya maana, anakosa kinga hiyo. Ndivyo konzo inavyoingia: miguu inakakamaa ghafla na haiponi, na waathirika wengi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Trolli huko Kwango, Kongo, mwaka 1938. Kwetu ulizuka Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na watafiti wakiwamo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, William Howlett na Hans Rosling wa Uswidi wakaufuatilia. Mwaka 1988 watu wa Masasi walipata sumu kali ya muhogo katika kipindi cha njaa. Mhadhara mmoja wa namna hii unagusa glukosidi, vimeng'enya, mnyororo wa elektroni, asidi amino na lishe, na hakuna mwanafunzi atakayeuliza mada hii itamsaidia nini wodini.

Sasa ingia maabara. Kabla ya kufikiria mashine, shughulikia maji. Visima vya ukanda huu wa pwani vina chumvi, na mtambo wa kutonesha ukichoka, chumvi hiyo inafika hadi kwenye chupa iliyoandikwa "maji safi". Kila asubuhi ya vitendo, fundi sanifu achukue maji ya mtambo kwenye neli ya kioo, adondoshee matone ya nitrati ya fedha. Yakibaki angavu, endeleeni. Yakigeuka maziwa, kuna kloridi, na kila kitendanishi kitakachoandaliwa siku hiyo kina shaka. Jambo hili linachukua dakika moja tu, ila limeokoa vitendo vingi kuliko udhamini wowote wa vifaa. Wafundishe wanafunzi kulifanya wenyewe kwa zamu.

La pili ni umeme. Panga vitendo vinavyovumilia umeme kukatika. Hapa ndipo njia ya karatasi ya pikrati, iliyoboreshwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, inapoonyesha thamani yake: mmenyuko unaendelea usiku kucha kwenye joto la kawaida la chumba, bila friji wala tanuri. Umeme unahitajika dakika chache tu siku ya pili, kusoma rangi. Na usipokuwapo kabisa, rangi inasomwa kwa macho kwenye kadi ya kulinganishia.

Utaratibu wake ni huu. Pima miligramu 100 za unga kwenye kichupa chenye kifuniko kinachobana. Weka kikaratasi chenye bufa na linamarezi, ongeza maji kidogo, kisha ning'iniza juu yake kikaratasi cha njano cha pikrati kilichobandikwa kwenye ukanda wa plastiki, kisiguse maji. Funika mara moja. Hapo "mara moja" ina maana yake: anayesimama kupiga soga na kifuniko mkononi anaiachia sianidi iende dirishani. Acha kwa saa 16 hadi 24. Asubuhi, kikaratasi kilichokuwa njano kama embe bivu kimeelekea kwenye rangi ya chungwa au kahawia, kadiri ya sianidi iliyotoka. Kitoe, kizamishe kwenye mililita 5 za maji kwa nusu saa hivi rangi itoke, usome unyonyaji wa mwanga kwenye spektrofotometa, nanomita 510. Zidisha kwa 396, upate miligramu za sianidi kwa kilo ya unga.

Wengi wataogopa wakisikia neno sianidi. Ifanye hesabu ubaoni pamoja nao: miligramu 100 za unga wenye miligramu 50 kwa kilo zina sianidi ya miligramu 0.005 tu. Kichupa hicho hakimdhuru mtu. Hatari halisi iko kwingine, na sharti uiseme waziwazi. Karatasi za pikrati hutokana na asidi pikriki, ambayo ikikauka hulipuka. Ukikuta kwenye kabati la zamani chupa ya asidi pikriki iliyokauka, yenye ukoko kuzunguka kifuniko, usiifungue, usiitikise, usiihamishe. Funga chumba, mjulishe mkuu wa idara, na ombeni msaada wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayosimamia kemikali nchini. Pili, usikubali kuleta sianidi ya potasiamu darasani kwa ajili ya kutengeneza mkunjo wa viwango, hata mwongozo wa kigeni ukikuambia hivyo. Linamarini ya kiwango kinachojulikana inatosha, na haimfanyi fundi sanifu alale macho wazi.

Tumefika mahali ambapo ningependa ukae muda mrefu kuliko mwongozo wowote unavyokuelekeza, yaani kidhibiti. Kila kundi liwe na vichupa visivyopungua vitano. Vitatu ni vya sampuli ileile, cha nne hakina unga kabisa, cha tano kina kiwango kinachojulikana, tuseme miligramu 50 kwa kilo. Cha tano kinapaswa kusoma unyonyaji wa 0.126 hivi, kwa sababu 0.126 ukizidisha kwa 396 unapata 50. Kikisoma 0.08, kundi limepata 32 badala ya 50, na hakuna namba yake nyingine inayostahili kuandikwa mpaka kosa lipatikane. Je, kifuniko kilivuja? Karatasi ya pikrati ilipigwa na jua rafuni? Mililita 5 zilikuwa 5 kweli? Usiwaambie. Kaa kimya, waache wasake. Nusu saa hiyo ya kusaka ndiyo utafiti wenyewe, na alama nyingi za zoezi ziwe hapo. Kundi lililopata namba mbaya likajua kwa nini lipewe alama kubwa kuliko kundi lililopata namba nzuri lisijue imetokea wapi. Ukilitangaza hilo siku ya kwanza na kulisimamia, kunakiliana kutakwisha kwenyewe.

Chupa tatu za sampuli moja nazo zina somo lake. Zikitofautiana sana, tatizo ni mkono au unga usiochanganyika. Wafundishe kuukoroga unga na kuugawa kwa robo kabla ya kupima, wasichote tu juu ya mfuko. Wafundishe pia kupima unyevu: gramu chache kwenye tanuri la nyuzi 105 hadi uzito usimame. Unga uliohifadhiwa masika na uliohifadhiwa kiangazi haubebi maji sawa, na miligramu kwa kilo ya unga mbichi si miligramu kwa kilo ya unga mkavu. Kwenye ripoti waseme wametumia ipi.

Daftari la maabara liwe la kurasa zenye namba, liandikwe kwa kalamu ya wino, na lisitoke maabara. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke, lisifutwe. Mwanafunzi aandike kilichotokea, hata kama ni "umeme umekatika saa 4:20, tumesoma chupa mbili tu". Namba isiandikwe kwenye karatasi ya pembeni ili "kusafishwa" baadaye. Pitia madaftari kila wiki, hata kwa dakika mbili kila moja, uweke saini. Ni kazi inayochosha, lakini ukiiacha wiki mbili, wanafunzi wanajua.

Katikati ya muhula, waongoze hatua moja mbele: watengeneze linamarezi yao wenyewe. Kimeng'enya hicho kimejaa kwenye ganda la ndani la muhogo, lile jeupe nene ambalo wapishi hulitupa. Likatwe vipande, lisagwe kwenye bufa baridi iliyozungukwa na barafu, lichujwe kwa kitambaa, kisha protini ziangushwe kwa salfati ya amonia. Barafu ya kuuzia samaki inafaa kabisa kwa kupozea, mradi isiguse sampuli. Kimeng'enya kikipatikana, mpe kila mmoja kitendwa bandia kinachotoa rangi ya njano kinapovunjwa, wapime kasi kwenye viwango mbalimbali vya kitendwa, wachore mkunjo wa Michaelis na Menten kwa namba zao. Ila wakitaka kutumia kimeng'enya hicho kupimia unga, wakumbushe kwamba ganda nalo lina linamarini. Lazima kiwepo kichupa chenye kimeng'enya bila unga, la sivyo watapima sianidi ya ganda na kuusingizia unga wa mama wa watu.

Idara isiyo na spektrofotometa isikate tamaa. Kuna swali jingine la jirani linalotaka bureti tu: chumvi ya dukani ina madini joto ya kutosha? Gramu 10 za chumvi kwenye mililita 50 za maji, asidi salfuriki kidogo, iodaidi ya potasiamu, kisha dondosha thiosalfati ya 0.005 M mpaka rangi ipotee. Kila mililita moja ya thiosalfati ni miligramu 10.58 za iodini kwa kilo ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ya mezani iwe na angalau 15, yaani mililita 1.4 hivi. Kiashiria ni wanga, na wanga wa muhogo unafanya kazi vizuri. Sampuli ziwe za pakiti na za chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo, kwani hapo ndipo tofauti hujitokeza.

Muhula ukiisha, kuna vijana wachache watakaobaki wakiuliza maswali. Hao ndio wa mradi wa utafiti. Kosa la kawaida la andiko la utafiti la mwaka wa mwisho ni upana: "Sumu katika vyakula vya Tanzania". Libane. "Sianidi kwenye unga wa muhogo unaouzwa rejareja katika masoko matatu ya Kinondoni, masika na kiangazi." Hilo linafanyika, lina mwanzo na mwisho, na mtu mwingine anaweza kulirudia Temeke mwaka unaofuata. Waamue kabla ya kununua watachukua kwa wauzaji wangapi, siku zipi, na kwa nini. Anayenunua alipopita tu kwa sababu ndiyo njia ya kituo cha daladala anapima njia yake ya kwenda nyumbani. Kila mfuko upewe namba na mtu mmoja, upimwe na mwingine asiyejua umetoka wapi.

Kuhusu kusoma, Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake zinaweza kupata majarida mengi ya afya na kilimo kupitia Hinari na mpango wa Research4Life. Muulize mkutubi nywila ya chuo kabla hujalalamika kuwa makala zinalipiwa. Na wasome vya nyumbani: jarida la sayansi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na lile la utafiti wa afya la NIMR yana makala ambazo mtafiti wa ng'ambo hangeandika. Muhogo wetu una historia nzito ya kisayansi. Ugonjwa wake wa batobato ulielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Usambara na Warburg mwaka 1894, na ule wa michirizi kahawia na Storey wa Amani mwaka 1936. Miaka ya karibuni Joseph Ndunguru na Peter Sseruwagi wa Mikocheni walishirikiana na wenzao wa Uganda, Kenya na Australia kusoma vinasaba vya virusi vya magonjwa hayo shambani kwa kifaa kidogo cha kubeba mkononi. Mwanafunzi anayeandika utangulizi bila watu hawa ameruka ukuta wa jirani kwenda kuomba chumvi ng'ambo.

Swali la jirani limewajengea watu majina makubwa. Profesa Keto Mshigeni, aliyekuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kairuki, alichunguza mwani wa pwani yetu, zao ambalo leo linawalisha maelfu ya wanawake Zanzibar. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake pale Mlimani walichambua mimea ya jenasi ya Uvaria inayoota kwetu, wakatoa kemikali zilizodhoofisha vimelea vya malaria maabara. Hawakungoja swali liletwe na mfadhili.

Nenda TARI Mikocheni na barua ya idara, uombe mihogo ya aina zinazojulikana kwa majina, kama Kiroba, ili muwe na mizizi ya kulinganishia. Barua iseme mnataka nini hasa, kilo ngapi, lini, na matokeo mtayarudishaje. Vituo vya utafiti huchoshwa na wageni wanaochukua wasirudi. Mkitaka kwenda mbali zaidi, mpime thiosianati kwenye mkojo wa walaji, simameni kwanza. Hapo mmeshagusa binadamu: kinahitajika kibali cha maadili cha chuo, na pengine cha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, kabla ya chupa ya kwanza ya mkojo. Mkishirikiana na mtafiti wa nje ya nchi, kibali cha COSTECH nacho kinaingia; ofisi zake zipo pale Sayansi, Kijitonyama, si mbali. Hakuna jarida linaloheshimika litakalopokea kibali kilichotolewa baada ya kazi. Na makubaliano ya nani atakuwa mwandishi wa kwanza yaandikwe kabla ya matokeo kutoka, fundi sanifu aliyefanya vipimo akiwamo.

Sampuli za sokoni hazihitaji kibali cha maadili, lakini zinahitaji adabu. Mwanafunzi asijifanye mteja wa kawaida halafu akatangaza jina la muuzaji kwenye kundi la WhatsApp. "Shikamoo mama, sisi ni wanafunzi wa hapo chuoni, tunapima unga wa muhogo wa masoko mbalimbali. Tutanunua nusu kilo, na majibu tutakuletea." Alipe bei kamili. Jina la muuzaji lisionekane popote kwenye ripoti.

Majibu yakitoka, kiwango cha kulinganishia ni cha Codex: miligramu 10 kwa kilo ya unga. Sampuli ikizidi, irudieni kwa karatasi mpya na mikono mipya kabla ya kumwambia mtu. Ikizidi tena kwa kiasi kikubwa, idara iandikie TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya usalama wa chakula, na msimamizi mwenyewe aende kwa muuzaji. Asiende na hofu tu, aende na la kufanya, nalo lipo. Unga umwagwe kwenye beseni, usawa wake uwekewe alama kwa ndani. Maji yaongezwe huku ukikorogwa. Kwanza unga unashuka, halafu unapanda, na ukifika kwenye alama ileile maji yametosha. Utandazwe kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, ukae saa 2 juani au 5 kivulini. Linamarezi iliyosalia kwenye unga inaamka kwa yale maji, inaivunja linamarini, na sianidi inapaa. Inayobaki ni theluthi hadi sehemu moja ya sita ya ile ya mwanzo. Ugali upikwe siku hiyohiyo, kwa maana unga mbichi ukilala unachacha. Wanafunzi wachukue kijiko cha unga huo kabla ya kulowekwa na kingine baada ya kuanikwa, wavipe namba, viingie kwenye vichupa vya wiki inayofuata pamoja na kile kisicho na unga na kile cha 50.